Somo: kuuchora mji wa Amu (Lamu) kwa rangi za maji

Swali ni lile lile kila wiki: mji wa Amu huchorwaje kwa rangi za maji? Basi naandika jibu hapa mara moja.

1. Tazama jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kutoka. Kila siku huchelewa kama dakika 50.

2. Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ubao, vibanio (upepo wa kusi hauna huruma), na chupa mbili za maji baridi. Si ya bahari.

3. Nenda asubuhi. Mji unaelekea kisiwa cha Manda, upande wa mashariki, kwa hiyo jua huziangaza kuta zake mapema. Alasiri ugeuke, uchore mikoko ya Manda.

4. Penseli: mstari wa maji, mapaa, vyombo vya baharini. Vyombo kwanza, maana maji yakipwa vitalala ubavu.

5. Vivuli. Hapa ndipo picha nyingi hufia. Ukishaketi, weka alama ya penseli palipo na ukingo wa kila kivuli, kisha usizibadilishe hata jua likisogea. Ukilifuata jua, baraza itakuwa na kivuli cha saa mbili na dari cha saa nne, na mtazamaji atahisi kasoro asijue iko wapi. Usitumie nyeusi, changanya buluu na kahawia nyekundu. Uipake kolezo kuliko unavyodhani, kwani rangi ya maji hupauka ikikauka. Pitisha brashi mara moja, uache. Ukirudia ikiwa mbichi, utapata tope.

6. Weupe wa chokaa ni karatasi yenyewe. Usiipake.

Mgeni wa Shela: Maji ya bahari yanafaa?

Hatua ya 2.

Mgeni wa Shela: Lakini yako karibu.

Chumvi hubaki karatasini na kuacha madoa. Beba chupa.

Binti Langoni: Mwalimu, mbona kivuli ukutani ni buluu juu, na chini kina umanjano?

Umeona vizuri, mwanangu. Juu kinapokea mwanga wa mbingu. Chini, mwanga unaodunda kutoka mchangani. Anza na buluu, ushuke, na kabla haijakauka gusisha manjano kidogo chini, zikutane zenyewe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, kisha utuonyeshe.

Mzee wa Matondoni: Na vyombo je? Wengi huchora mlingoti wima. Wa jahazi huinamia omo, yaani mbele ya chombo.

Ahsante, mzee wangu. Na foromali, boriti inayobeba tanga?

Mzee wa Matondoni: Ncha ya chini huwa mbele, ya juu nyuma. Ukigeuza, chombo kinarudi kinyumenyume.