Kabla Mzazi Hajasafiri: Mambo ya Kuzingatia kwa Familia Inayobaki Dodoma

Familia nyingi hapa Dodoma, zinapojiandaa kumpeleka mtu kufanya kazi Oman au Uingereza, huanza na pasipoti, nayo ndiyo sehemu nyepesi: inahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na ada ya Sh150,000. Kazi kubwa iko nyumbani.

Ulizeni mapema kama nchi mnayoilenga inaruhusu watoto kufuata. Uingereza, kwa mfano, ilizuia wahudumu wa wazee na wagonjwa kuingia na wenza au watoto wao kuanzia Machi 11, 2024, na Julai 2025 ikaacha kabisa kuwaajiri wapya kutoka nje. Katika nchi za Ghuba, anayekwenda kufanya kazi za ndani huenda peke yake, na kibali chake cha kuishi humtegemea mwajiri.

Mtoto akibaki na bibi Kongwa au Mpwapwa, bibi huyo apewe nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya bima ya afya, na barua iliyosainiwa mbele ya wakili inayomruhusu kumhamisha mtoto shule na kuridhia matibabu yake, kwa sababu ugonjwa hausubiri mama atoke zamu ndipo apokee simu. Mtoto naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake mzazi anakwenda wapi na kwa muda gani. Wapo wanaoondoka alfajiri mtoto akiwa amelala ili kuepuka kilio; kwa maoni yangu ni kosa, kwani kilio hicho huahirishwa tu, na kikija mzazi hayupo wa kukibembeleza.

Kuhusu fedha, kubalianeni nani atapokea, na mkubali pia kwamba miezi ya mwanzo huenda isije hata shilingi, kwa kuwa deni la nauli hulipwa kwanza. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Anayeondoka Novemba huacha shamba la mtama bila mikono kabla pesa haijaanza kuja, hivyo akiba ya chakula cha kufikisha mavuno itangulie tiketi.

Leseni ya wakala wa ajira ihakikiwe ofisi ya kazi, mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa msafiri, na nakala ibaki nyumbani pamoja na namba ya ubalozi wetu wa Muscat au London. Kisha chagueni neno moja, la Kigogo au la Kirangi, ambalo akilitamka kwenye simu, hata kama anacheka, mtajua kwamba hayuko salama na kwamba mwajiri anasikiliza.