Mnanaa wa mojito haupondwi

Unapotengeneza mojito, kinywaji cha Kuba cha ramu nyeupe, ndimu na mnanaa, yakandamize majani manane hivi kwa mgongo wa kijiko cha mbao, pamoja na sukari vijiko viwili vya chai na maji ya ndimu moja, mara nne au tano tu, kisha uache kabla hayajachanika. Mafuta yenye harufu hukaa katika vifuko vidogo mno kwenye uso wa jani, hivyo mgandamizo mwepesi hutosha kuvipasua, ilhali jani lililosagwa hutoa uchungu ambao hata sukari haiuondoi. Ndipo utie ramu mililita 50, barafu na maji ya soda. Mnanaa ulionyauka haufai kwa mbinu hii, kwa kuwa harufu yake imekwisha kupungua.