Kuunganisha Tiketi Katika Safari Ndefu ya Treni: Mwongozo kwa Abiria wa Kigoma na Tabora

Abiria anayepanda treni Kigoma kwenda Dar es Salaam husafiri takribani kilomita 1,250, na wengi hukata tiketi moja ya safari nzima bila kuuliza kama kuna njia nyingine. Njia ipo. Anaweza kuigawa safari ileile katika vipande viwili au vitatu, kila kipande kikawa na tiketi yake, huku yeye akibaki ndani ya treni ileile. Mbinu hii mahali pengine hupunguza gharama sana, mahali pengine haina faida yoyote, na mahali pengine humtia abiria hasara. Kinachoamua ni namna nauli ya reli husika ilivyopangwa, kwa hiyo lijue hilo kabla hujafika dirishani.

Nchini Uingereza mbinu hii imeenea kwa sababu nauli za huko hazifuati umbali peke yake. Tiketi ya saa za asubuhi zenye abiria wengi huwa ghali kuliko ya baadaye, na bei hutofautiana kati ya stesheni na stesheni bila mpangilio ulionyooka. Mfano unaotajwa sana ni safari ya London hadi Bristol, ambayo abiria huigawa Didcot Parkway, na tiketi mbili zikijumlishwa huweza kuwa nafuu kuliko moja ya moja kwa moja. Masharti ya reli za huko yanaruhusu jambo hilo waziwazi, ilimradi treni unayosafiri nayo isimame kwenye stesheni unapogawia safari. Nchini India hali ni kinyume: kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo bei ya kila kilomita inavyoshuka, na anayegawa tiketi hulipa zaidi.

Sisi tuko wapi? Kwenye reli ya kisasa, yaani SGR, jibu linapatikana kwa hesabu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitangaza nauli ya daraja la kawaida ya shilingi 69.51 kwa kilomita. Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 192, ikawa shilingi 13,000, na Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 444, ikawa shilingi 31,000. Ukigawa safari hiyo Morogoro, kilomita 252 zinazobaki kwa kiwango hichohicho ni kama shilingi 17,500. Ukijumlisha na zile 13,000 unarudi karibu na palepale ulipoanzia. Panapotawala umbali, kugawa umbali hakuokoi kitu, na anayekuahidi vinginevyo mwombe akuonyeshe hesabu.

Kwa abiria wa Kigoma na Tabora, nafuu iko katika kugawa daraja. Reli ya zamani wanayosafiria ina daraja la kwanza, la pili kulala, la pili kukaa na la tatu, na tofauti ya bei kati ya kitanda na kiti ni kubwa. Kitanda kina thamani usiku. Mchana watu wengi huketi tu na kutazama nje, wakilipia godoro wasilolilalia. Chukua mtu anayetoka Kigoma kwenda Dodoma. Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400, karibu nusu ya safari yake. Ikiwa ratiba ya siku hiyo inaonyesha kwamba usiku utamkuta kwenye kipande hicho, na kipande cha Tabora hadi Dodoma kitakuwa zaidi cha mchana, akate daraja la pili kulala hadi Tabora, kisha la pili kukaa kuanzia Tabora. Ile tofauti ya bei kati ya kulala na kukaa ataepuka karibu nusu yake. Ratiba ikigeuka, naye ageuze mpango: kiti kwanza, kitanda baadaye. Anayekwenda Mwanza kwa kubadilisha treni Tabora, au Mpanda kwa kupitia Kaliua, hesabu yake ni nyepesi zaidi kwa kuwa safari yake tayari ina mahali pa kugawanyika.

Utaratibu dirishani ni huu. Mwombe karani akutajie nauli ya safari nzima kwa daraja unalolitaka, kisha nauli ya kila kipande kwa kila daraja, na uziandike zote kwenye karatasi, kwa sababu kichwani zitachanganyika. Uliza kama anaweza kukukatia hapohapo tiketi ya kipande cha pili. Hili ni muhimu hasa ukitaka kitanda kuanzia Tabora, maana treni inaweza kufika pale vitanda vyote vikiwa vimeshikwa na abiria wa mbali. Hakikisha namba za mabehewa zimeandikwa kwenye tiketi zote mbili, kwa kuwa utahama na mizigo yako. Mwenye magunia au watoto wadogo afikirie vizuri kama fedha atakazookoa zinalingana na usumbufu huo. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, kwa mfano, mimi ningeshauri kitanda cha safari nzima bila kusita.

Kuunganisha reli ya zamani na SGR Dodoma ni jambo jingine. Kipande cha Dodoma hadi Dar es Salaam kwa SGR ni ghali kuliko daraja la tatu la treni ya zamani, kwa hiyo nauli haipungui. Kinachopungua ni muda, kwani SGR humaliza kipande hicho kwa takribani saa nne au pungufu, na wakati wa mvua kubwa unaepuka reli ya zamani kati ya Gulwe na Kilosa, ambako mafuriko yameharibu njia mara nyingi. Lakini stesheni hizo mbili za Dodoma haziko mahali pamoja, hivyo weka nauli ya bajaji au bodaboda, na usikate tiketi ya SGR ya saa ileile unayotarajia kufika. Treni ya kwanza ikichelewa, treni ya pili inaweza kukuacha. Acha pengo la saa nyingi, na kama pengo hilo litakulazimisha kulala gesti, gharama ya chumba nayo iingie kwenye hesabu.

Familia inaweza pia kugawa daraja kwa watu: wazee na watoto wakalale, vijana wakae. Kwenye SGR mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli na aliye chini ya miaka 4 husafiri bila kulipa nauli, kwa hiyo beba cheti chake cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chako.

Mwisho, kuunganisha tiketi kusichanganywe na kukata tiketi fupi kisha kupitiliza stesheni. Huko ni kusafiri bila nauli, na mkaguzi ana haki ya kukutoza. Kila kilomita ya safari yako lazima iwe na tiketi, na tiketi ya kipande cha kwanza itunze pamoja na ya pili hadi utakapotoka nje ya lango la stesheni unakoshuka.