SOMO: Kufunga rolibaa kwenye Mazda Roadster ya kutembelea (soma kabla ya kuuliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne jinsi ya kufunga rolibaa, ile baa ya kulinda kichwa gari likibiringika, na wawili kati ya hao hata salamu hawakutoa. Naandika mara moja. Nitakayemjibu "soma juu" asinune.

Gari ninalolizungumzia ni Roadster ya turubai: ile ya kwanza iliyotoka 1989, Wajapani wakiiita Eunos Roadster, na iliyofuata 1998. Yangu ni ya 1999. Nipo Dar, naendea nayo kazini, na Jumapili alfajiri naipeleka barabara ya Bagamoyo kabla malori hayajaamka. Mwenye Altezza au Subaru ya paa la bati, somo hili si lako.

Roadster ikibiringika, kilichobaki juu ya kichwa chako ni fremu ya kioo cha mbele, na haikuundwa kubeba gari zima. Rolibaa ni bomba la chuma lililokunjwa kama mlango, linasimama nyuma ya viti, likiwa na miguu miwili mikuu na mingine miwili ya kuegemea nyuma.

KUCHAGUA

Yale matao mawili madogo yanayong'aa nyuma ya vichwa ni urembo. Lishike ulitikise, likicheza, lipeleke kwenye harusi.

Chuma: kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) za magari ya mashindano zinataka tao kuu liwe la bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2. Huendi mashindanoni, najua, lakini ndiyo namba ninazozitumia kupimia. Nenda dukani na venia, kile kipimo cha kipenyo na unene. Bomba la mageti lina mshono ndani; pitisha kidole utausikia. Miguu ya nyuma iinamie angalau nyuzi 30 kutoka wima. Bomba la mshazari, lile linalokatiza tao kutoka kona ya juu hadi chini, lianzie juu upande wa dereva, na sisi tunakaa kulia, kwa hiyo baa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani iangalie mara mbili.

Urefu unapimwa kwa mpini wa fagio. Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, mtu aulaze mpini kuanzia juu ya baa hadi juu ya fremu ya kioo. Kichwa chako kibaki chini yake kwa sentimita 5. Usijikunje. Unamdanganya nani?

Sasa jambo ambalo wengi hawataki kulisikia. Barabarani huvai helmeti. Chuma kilicho karibu na kisogo kitakupiga hata kwenye ajali ndogo ya kugongwa nyuma, ambayo bila baa ungetoka na maumivu ya shingo tu. Kwa hiyo baa ikae mbali na kichwa kadiri nafasi inavyoruhusu, kiti kisiwe kile kinacholala chenyewe, na baa ivikwe sponji ngumu ya mashindano (tafuta maandishi SFI 45.1 au FIA 8857-2001). Ile laini ya kufunikia mabomba ya AC ukiibonyeza kwa kidole unafika kwenye chuma. Kichwa kitafika pia. Na ndiyo maana keji kamili, yenye mabomba pembeni na mbele ya uso, siipendekezi kwa gari la mtaani.

KUFUNGA

1. Chomoa betri. Ipo kwenye buti.

2. Toa viti, kapeti ya nyuma na plastiki za pembeni.

3. Legeza fremu ya turubai, iingize baa kwa juu. Muwe wawili, na mlaze blanketi kwenye rangi. Miguu ikikaa vizuri, chora matundu kwa kuifuata, kisha itoe baa.

4. Kutoboa. Hapa ndipo nilipoharibu. Tangi la mafuta la Roadster liko nyuma ya viti, chini ya ile shelfu ya bati, na mipira yake inapita upande wa kifuniko cha kujazia. Fundi aliniambia kushusha tangi ni kupoteza siku, nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Bati ni jembamba: unasukuma drili, unasukuma, halafu ghafla haipo, imezama yote. Ikachana mpira wa kujazia. Harufu ilinifikia kabla sijaelewa, na drili ilikuwa bado inazunguka mkononi, nayo ndani inatoa cheche. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu haina nguvu.

Shusha tangi. Usiniambie la kwako halina kitu. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Litoe, liweke mbali na mahali pa kazi. Kisha pita chini na tochi uangalie mabomba ya breki na nyaya. Piga alama kwa senta panchi (msumari wa kutia kidimbwi ili biti isiteleze), anza na biti ya milimita 3, panda taratibu. Kila biti ivalishe kipande cha mpira au mti wenye tundu, ibaki wazi sentimita moja tu, ili hata ikizama isifike mbali. Ukimaliza, fagia chembe zote za chuma na upake praima kwenye kingo za matundu. Kwa hewa ya chumvi ya huku, tundu lisilopakwa linaanza kutu mapema.

5. Chini ya kila mguu mkuu weka bamba la chuma la milimita 3, eneo sentimita za mraba 120 (mfano 10 kwa 12), na boliti tatu za M8 (kipenyo milimita 8) zenye daraja la uimara 8.8 au zaidi. Washa, ile pete ndogo ya boliti, peke yake haitoshi.

6. Ingiza boliti zote kwa mkono kwanza. Ukikaza mguu mmoja mwanzoni, wa nne hautaingia. Kisha kaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. M8 ya 8.8 ni niutoni mita 25 hivi. Rudia baada ya wiki.

7. Rudisha tangi, kagua uvujaji, ndipo uunganishe betri.

MASWALI

Mdau wa Arusha: Mkuu nimepitia haraka. Fundi wangu ana bomba la maji zito, inchi moja na nusu. Litafaa?

Jibu: Soma aya ya chuma.

Mdau wa Arusha: Ila ni zito kweli, hata kulinyanyua shida.

Jibu: Geti nalo ni zito.

Dada wa Mombasa: Kaka, samahani, mimi si fundi. Kama boliti ni ngumu hivyo, bamba la chini lina kazi gani?

Jibu: Usiombe samahani, dada, hilo ndilo swali. Boliti haikatiki, kinachochanika ni sakafu, ambayo haifiki hata milimita moja. Chukua kopo la maziwa, lisukume kwa msumari, kisha kwa kiganja. Msumari unapita. Washa ni msumari, bamba ni kiganja. Kingo za bamba zizungushwe kidogo kwa tupa zisikate bati, na kama sakafu ina mkunjo, bamba likunjwe liufuate. Ukianza kazi niandikie, nitakuchorea.

Mdau wa Dodoma: Mpini wa fagio unagusa nywele zangu. Nina urefu wa mita 1.88.

Jibu: Vua kitambaa cha kiti, punguza sponji ya makalio kwa kisu chenye meno, kidogo kidogo, ukikaa kujaribu kila mara. Warefu wenye Roadster wanafanya hivyo dunia nzima. Ikishindikana, baa hiyo ni fupi kwako.

Mdau wa Mwanza: Nataka nifungie na mikanda ya pointi nne, inapendeza.

Jibu: Inapendeza kwenye picha. Mikanda ya mabega inatakiwa kushuka kuelekea nyuma kwa nyuzi 10 hadi 45, na inataka kiti chenye matundu yake. Halafu foleni ya Jumatatu utaivaa? Bakiza mkanda wa kiwandani.

Mdau wa Arusha: Yaani ulitoboa mpira wa mafuta halafu leo unatufundisha?

Jibu: Ndiyo. Unadhani kwa nini hatua ya 4 ni ndefu?

Mdau wa Tanga: Nje kidogo ya mada. Nimetoa kapeti kama ulivyosema, chini kuna maji. Turubai halijachanika.

Jibu: Matundu ya kutolea maji ya turubai yameziba. Yako nyuma ya milango, kila upande moja, karibu na mnara wa mkanda. Maji yakikosa njia yanaingia ndani, na kizingiti kinaoza kimyakimya. Zibua sasa hivi kabla baa haijakuzibia mkono. Mimi natumia waya wa breki wa baiskeli.

Mzee wa Zanzibar: Mwanangu, waya huo nilitumia ukanitobolea mpira. Chukua uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, unapinda na hauchomi.

Jibu: Shikamoo mzee. Hiyo ni bora kuliko yangu, naihamishia hatua ya 2.