Somo: Kupanga bei kwenye orodha ya Scratch

Ndugu wa Bukavu, vijana wanaojifunza Scratch, programu ya kutunga programu kwa kuunganisha vipande vya amri viitwavyo bloku, wanauliza mara nyingi: "Mbona 1 500 inakaa mbele ya 800?" Kompyuta ni nzima. Twende pole pole.

Tengeneza orodha "bei", tia 1 500, 800 na 2 200: samaki wadogo wa sambaza, sombe (majani ya muhogo), maharagwe ya soko la Kadutu, bei za mfano tu. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, mkono unaacha nafasi wenyewe baada ya elfu. Ubaya uko hapo. Scratch ikilinganisha vitu viwili, huangalia kama vyote ni namba. Kimoja kikishindwa, vyote husomwa kama maneno, na 1 hutangulia 8. "800 FC" (faranga za Kongo) ni vilevile. Hata 2,5 si namba kwake: andika 2.5. Safisheni orodha kwanza, ninawasihi, kabla hamjagusa bloku hata moja.

Scratch haina bloku ya kupanga, tunaijenga. Tengeneza kigeu, yaani kisanduku chenye jina cha kuhifadhi thamani, ukiite n, kiwe 1. Kama kitu cha n ni kikubwa kuliko cha n+1, hifadhi cha n katika kigeu "mfuko", weka cha n+1 mahali pa n, halafu mfuko mahali pa n+1. Ukiacha mfuko, bei moja inapotea na nyingine inaandikwa mara mbili. Ongeza n kwa 1. Rudia hayo, kuanzia kulinganisha, mara urefu wa orodha kutoa 1, kisha zungushia yote rudio lingine la idadi ileile, n ikirudi 1 kila mzunguko unapoanza.

Maswali

— Mwalimu, paka wangu wa Scratch akisema orodha ya 3, 5, 8 anasema 358. Nikiongeza 12, nafasi zinatokea!

Vitu vyote vikiwa vya herufi moja moja, Scratch huvibandika pamoja. Kikiingia kimoja kirefu zaidi, hutia nafasi katikati ya vyote. Orodha yenyewe haijaguswa, iangalie kwenye kisanduku chake jukwaani. Ukitaka mkato, unganisha kitu kimoja kimoja wewe mwenyewe.

— Nafuta sifuri zote kuanzia juu, zingine zinabaki.

Ukifuta cha 3, cha 4 kinapanda kuwa cha 3, na n imeshapita. Anzia mwisho wa orodha, rudi nyuma.

— Na majina? "amina" na "Amina"?

Ni sawasawa kwake, dada. Haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapolinganisha.