Mbio za Baiskeli Usiku Kucha Marafa: Namna ya Kupanga Timu na Kambi

Mwaka wetu wa kwanza tulipoteza dakika 11 tukimtafuta mtu. Nimemaliza duru yangu, nimesimama kwenye kamba ya makabidhiano, pumzi juu juu, leso ya timu mkononi, na mwenzangu wa kuipokea yuko usingizini ndani ya hema ambalo hakuna aliyejua ni lipi. Tulifungua zipu za mahema matatu, tukatukanwa na wawili. Timu iliyotushinda ilitupita kwa dakika 4.

Kwa hiyo humu sitazungumzia sana miguu. Miguu unayo. Nitazungumzia mambo yanayoiangusha timu yenye miguu.

Mchezo wenyewe ni huu: timu ya watu wanne, baiskeli za milimani, njia moja ya kuzunguka. Mmoja yuko njiani, watatu wako kambini. Akirudi anamkabidhi mwenzake. Timu itakayotimiza duru nyingi ndani ya muda ndiyo bingwa. Mtindo huu ulipata umaarufu Marekani, jimbo la West Virginia, mwaka 1992, pale Laird Knight alipoandaa mbio za 24 Hours of Canaan. Wao walikwenda saa 24. Sisi tunakwenda saa 12, kuanzia saa kumi alasiri ya Jumamosi hadi saa kumi alfajiri ya Jumapili, kwa sababu moja tu: kulikimbia jua. Giza halitushindi, jua la saa saba mchana linatushinda.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha mahali

Agosti na Septemba ndiyo miezi yangu. Kusi bado inavuma, usiku una ubaridi kidogo, na masika yamekwisha kitambo. Mwezi wa Mei usijaribu. Udongo wa bara yetu ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Januari hadi Machi vumbi na joto vitakumaliza kabla ya mashindano.

Mahali ni Marafa, bara ya Malindi katika pwani ya Kenya, ng'ambo ya Mto Sabaki, upande wa Nyari, lile bonde lenye kuta za mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa ambalo wageni wanaliita Hell's Kitchen. Kuna watu huniuliza kwa nini tusiende Arabuko-Sokoke, maana ni karibu zaidi na kuna kivuli. Msitu ule una kilomita za mraba 420 na una ndovu. Mchana, kwa ruhusa ya wenye msitu pale Gede, nenda kafanye mazoezi. Mchanga mweupe wa chini ya miti ya mirihi utakufundisha kuendesha baiskeli kuliko mwalimu yeyote. Usiku hapana. Sitaki kukutana na ndovu nikiwa na tochi ya kichwani.

Hata Marafa, duru isipite ukingoni mwa Nyari. Zile kuta ni mchanga ulioshikana, na kila mvua inayonyesha inakula ukingo kidogo. Njia uliyopita mwaka jana huenda mwaka huu iko hewani. Sisi tunaacha mita mia kadhaa, tunazunguka kwenye vijia vya mashamba na vichaka, jumla kilomita 9.

Na usiende Marafa kwa kupiga pedali kutoka Malindi. Tulifanya hivyo mara moja, tukaona ni kupasha misuli. Zaidi ya kilomita 30, na saa kumi ilipofika nusu ya timu ilikuwa imejinyoosha chini ya mwembe. Kodi pikapu, mgawane gharama. Baiskeli zifungeni kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na kila mahali fremu zinapogusana muweke kitambaa.

Hatua ya 2: Piga hodi

Wiki tatu kabla, nenda mwenyewe. Usipige simu. Muone mzee wa mtaa, muone chifu, waone wanaosimamia Nyari (ni watu wa hapo hapo, na kuna kiingilio, lipa bila kulialia), kisha waone wenye mashamba mmoja mmoja. Keti, amkia, kubali maji. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema: "Mwanangu, njia piteni. Lakini mbuzi hawajui mashindano."

Alikuwa na haki. Tulikubaliana mbuzi wafungwe mapema siku hiyo, na sisi tukahamisha njia isipite uani kwake. Wanawe wawili tukawaajiri kusimama kwenye njia panda na taa. Vijana wa hapo wanajua wapi panapita punda usiku, wapi pana shimo. Ramani ya simu haijui.

Hatua ya 3: Iandae baiskeli kwa mchanga na mbigili

Hapa sina haraka, kwa sababu kazi yangu ni ufundi na nimeona mengi.

Anza na tairi. Kwenye mchanga watu hujaza upepo mpaka tairi inalia kama ngoma, wakidhani ngumu ndiyo nyepesi. Tairi ngumu inakata mchanga kama kisu na kuzama. Unataka itandaze mguu. Mimi nina kilo 70 na tairi la upana wa inchi 2.2 lenye tyubu. Mbele naweka paundi 23, nyuma 26. Huna kipimo? Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote: liingie kidogo, kama embe linaloanza kuiva. Likiingia kama embe lililoiva kabisa, utagonga jiwe na rimu itaibana tyubu, itoke na matundu mawili pacha kama yaliyoumwa na nyoka.

Mbigili sasa. Ule mwiba una pembe, ukianguka vyovyote pembe moja inatazama juu. Dawa ya kienyeji ni tyubu kuukuu: ikate kwa urefu, toa sehemu ya valvu, itandaze ndani ya tairi chini ya tyubu nzima. Inaongeza uzito, ndiyo. Lakini kuziba pancha gizani kwa tochi ya simu, sulusheni imemwagika mchangani, wenzako wanahesabu dakika, huo ndio uzito.

Cheni. Nawaomba mafundi wenzangu wanisamehe: acheni kupaka oili chafu ya gari. Inang'aa siku ya kwanza, kisha inashika mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Safisha cheni kwa mafuta ya taa, iache ikauke kabisa, halafu weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Zungusha pedali kinyumenyume mara ishirini. Sasa chukua kitambaa ufute yote yanayoonekana. Mafuta yanayofanya kazi yamo ndani. Ya nje yanaita vumbi tu. Baada ya kila duru mbili futa kwa kitambaa kikavu, usiongeze mafuta mpaka usikie cheni inalia.

Breki, spoki, boliti za usukani: kagua Alhamisi, si Jumamosi. Jumamosi fundi wako naye ana harusi.

Hatua ya 4: Taa mbili kwa kila mtu

Moja kwenye usukani, moja kwenye helmeti. Si ufahari. Taa ya usukani iko chini, kwa hiyo kila tuta na kila mzizi unatupa kivuli kirefu unachokiona mapema. Ya kichwani inakwenda unakotazama, na kwenye kona unatazama pembeni kabla baiskeli haijageuka. Ya kichwani peke yake inafuta vivuli vyote, njia inaonekana bapa kama meza, kisha meza inakurusha.

Usiamini maandishi ya boksi kuhusu betri. Ichaji nyumbani, iwashe, iache juu ya kabati mpaka izimike, uandike muda. Taa yangu moja ilitangazwa ya saa tano. Ilikufa baada ya saa mbili na robo.

Taa hiyo ndiyo itakayokuonyesha moma pia. Nyoka huyu hutoka usiku na kulala njiani, na hana haraka ya kukupisha. Ukimuona, simama, mzunguke mbali. Mtu akiumwa: asitembee, kiungo kisitikiswe, asikatwe kwa wembe wala kufungwa kamba, akimbizwe hospitali Malindi. Ndiyo sababu pikapu inalala hapo hapo kambini, ufunguo kwa mtu ambaye hashindani.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya zamu

Hapa ndipo timu nyingi hupotea, maana zinazunguka mmoja mmoja usiku kucha na kuona ni haki. Tazama hesabu. Duru ya kilomita 9 huku kwetu inachukua kama dakika 36. Mkizunguka mmoja mmoja, ukishuka unapata saa 1 na dakika 48 kabla ya zamu yako tena. Toa dakika 20 za kula, 20 za kujifuta vumbi na kuangalia baiskeli, 20 za kuvaa na kwenda kwenye kamba. Zimebaki 48, na moyo bado unadunda. Hulali. Unafumba macho tu.

Mkienda duru mbili mbili, mapumziko ni saa 3 na dakika 36. Hizo zinalalika.

Mpango wetu ni huu. Mzunguko wa kwanza kila mtu duru moja, ili wote wanne waione njia kukiwa na mwanga. Wa nne anamaliza saa kumi na mbili na dakika 24, magharibi hiyo. Kuanzia hapo kila mtu duru mbili, mara mbili. Jumla duru 20, kila mtu 5, kilomita 45. Usiku mwendo hupungua, kwa hiyo 18 au 19 si aibu.

Nani aanze? Sisi tunaanza kwa kukimbia kwa miguu kuziendea baiskeli zilizolazwa, ili watu watawanyike kabla ya njia kuwa nyembamba. Mweke mwenye kasi na asiyeogopa kusukumwa. Wa mwisho awe asiyeanguka, hata kama ni wa polepole, maana atapita saa tisa usiku akiwa amechoka na hakuna wa kumrekebishia makosa. Mgeni wa timu mweke wa pili au wa tatu.

Tena, andikeni sheria ya duru ya mwisho kabla ya kuanza. Kwetu, duru iliyoanza kabla ya saa kumi inahesabiwa ikimalizika kabla ya saa kumi na moja. Mwaka ambao hatukuandika, tulibishana mpaka jua likatoka.

Hatua ya 6: Kambi, na mpiga daku

Mahema yote ya timu yawe sehemu moja, mlango ukitazama upepo, jiko upande ambao moshi hauyafikii. Kila hema lina chandarua kisichotoboka. Juu ya kila hema funga kitambaa cha timu na uandike jina la anayelala, kwa chaki, kwa makaa, kwa chochote.

Halafu mteue mpiga daku. Mnajua Ramadhani mtu anavyopita mitaani na ngoma au debe kuwaamsha watu wale daku. Timu inahitaji wake. Huyu hapandi baiskeli. Kazi yake ni daftari na saa: anaandika nani ametoka saa ngapi, na dakika 20 kabla ya mwenzake kurudi anakwenda kumtikisa mguu anayefuata. Hamuiti kutoka mbali. Anamtikisa, anampa kikombe, hatoki mpaka amuone ameketi. Sisi kazi hii anaifanya shangazi wa mmoja wetu, na tangu aanze hatujapoteza hata dakika moja kwenye kamba. Hana huruma hata kidogo.

Cha kukabidhiana ni kipande cha leso kilichoshonewa lastiki, kinaingia na kutoka mkononi bila kufunga fundo. Vidole vyenye jasho havifungui fundo.

Hatua ya 7: Maji na chakula

Maji ya Marafa ni ya wenyeji na hayatoshi hata wao. Bebeni yenu. Timu yetu, watu watano pamoja na mpiga daku, hubeba mitungi minne ya lita 20 na kurudi na kama nusu mtungi. Kwa jasho, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kamulia ndimu.

Kabla ya kuanza tunakula wali na samaki, mapema, saa sita. Usiku ni vitu vya mkono mmoja: tende, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, mahamri. Mbaazi za nazi ni za asubuhi. Kijana mmoja alizila saa nne usiku, na duru yake iliyofuata tuliisikia kabla ya kuiona.

Jumapili, mkishalala saa mbili tatu, shukeni Nyari mapema kabla kuta hazijaanza kutoa joto, muokote takataka zenu na za wengine, mkamuage yule mzee. Ukifika nyumbani usiegeshe baiskeli ukalala. Vua tairi zote mbili, zikung'ute, kisha pitisha kitambaa ndani polepole, kidole kikifuata. Mbigili niliyoipata mara ya mwisho ilikuwa imepenya tairi na kukomea kwenye ile tyubu kuukuu, ncha yake imechungulia upande wa pili kama ya sindano.