Tepu Ikikataa Kuandika, Anza na Ruhusa

Hapa Moshi ninatunza seva ya chama cha ushirika cha kahawa, na kila usiku hesabu za malipo ya wakulima huhifadhiwa kwenye tepu. Bacula, programu yetu ya kuhifadhi nakala, ikilalamika "Permission denied" (ruhusa imekataliwa), usikimbilie kununua draivu mpya.

Tazama kwanza kifaa cha tepu ni cha nani: `ls -l /dev/nst0`. Kwenye Debian, kwa kawaida ni cha root (msimamizi mkuu) na kundi la tape. Kisha `id bacula` ikuonyeshe makundi ya mtumiaji bacula. Kama tape haimo, andika `usermod -aG tape bacula`. Hiyo a usiiache hata kidogo. Bila yake mtumiaji anaondolewa kwenye makundi yake mengine ya ziada. Washa upya bacula-sd, sehemu ya Bacula inayoandika kwenye tepu, maana programu ambayo tayari inaendelea haipati kundi jipya.

Jaribu kwa jina la bacula, si kwa root anayepita kila mlango: `sudo -u bacula mt -f /dev/nst0 status`. Likija jibu la "busy", ruhusa ya kukifungua ipo. Kuna programu nyingine imekishika.

Chmod 666, yaani kumfungulia kila mtu kusoma na kuandika, siitaki kabisa. Inampa kila mwenye akaunti uwezo wa kufuta kumbukumbu za wakulima, tena umeme ukikatika na seva ikiwaka upya, kifaa hutengenezwa upya, udev (programu inayosimamia vifaa vya Linux) hukirudishia ruhusa za kawaida na chmod yako imepotea. Badiliko la kudumu liandikwe kama kanuni ndani ya `/etc/udev/rules.d`.

Wenye mashine inayojibadilishia tepu, kagueni pia kifaa chake cha `/dev/sg`. Amri ya `lsscsi -g` itawaonyesha namba yake.